Maziwa Yalikuwa Mikononi mwa Nani

Wauza maziwa wa Ndosho, mjini Goma, wana macho makali. Wakiona koti jeupe linashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, hawaulizi limetumwa na nani. Asubuhi hiyo Kasoki alishuka mbele ya soko akiwa amevaa koti la maabara juu ya sketi ya kikwembe cha njano, mabuti ya mpira miguuni, na mkononi bomba la kioo lenye kipimo cha maziwa. Nia yake ilikuwa safi. Alitaka kusalimia watu, aseme yeye ni mwanafunzi tu, aombe kikombe kimoja cha maziwa kwa kila muuzaji kwa ajili ya memwari yake ya kumaliza chuo. Hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Sauti moja ilisema watu wa usafi wamefika, na kabla hajapanga makaratasi yake, soko la maziwa lilikuwa limehama. Bidoni za maziwa zilipandishwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, chukudu zikateremka zikigongagonga juu ya mawe ya volkano, na mama mmoja mnene aliyeshindwa kukimbia akakalia bidoni yake, akatandaza kikwembe juu, akaanza kuita wateja wa nyanya ambazo hakuwa nazo.

Akabaki kijana mmoja tu. Alikuwa mrefu, amevaa kofia pana ya wafugaji wa Masisi, na yeye pia alikuwa na koti jeupe, tena safi kuliko la Kasoki. Alikuwa anafuta midomo ya bidoni zake kwa kitambaa, taratibu, wala hana haraka na mtu.

“Weye, mbona haukimbie?” Kasoki akamwuliza.

“Nikimbie nini, dokta? Maziwa yangu haina kitu ya kuficha.”

Kasoki akamwambia yeye si dokta. Kijana akataka kujua kama basi ni mtu wa serikali, akaambiwa hapana. Ikabidi aelezwe yote, amesimama hapo hapo na kitambaa mkononi: kwamba dada huyu anasoma Sayansi na Sheria pamoja, digrii moja ya miaka mitano, asubuhi sheria, mchana maabara, na kwamba memwari yake ni juu ya maji yanayotiwa kwenye maziwa, namna ya kuyapima na namna ya kuyathibitisha mbele ya hakimu. Kijana akafikiri kidogo.

“Kwa hiyo mchana unanipima, kesho yake asubuhi unanifunga.”

“Kufunga ni kazi ya tribunali. Miye ninaandika tu.”

“Basi andika. Byiringiro. Na uandike muzuri, sababu jina ni refu.”

Kasoki akatoa karatasi aliyoipenda kuliko zote, ile aliyokuwa akiiita fishi ya mikono. Ilikuwa na mistari ya kujaza: kitu gani, nani amekitoa, nani amekipokea, saa ngapi, kiko katika hali gani, kitahifadhiwa muda gani. Kila mtu aliyegusa sampuli lazima atie sahihi, ili siku ya kesi asitokee mjanja wa kusema maziwa yalibadilishwa njiani. Byiringiro aliisoma yote, jambo ambalo hakuna muuzaji mwingine aliyelifanya baadaye. Penye hali ya kitu akaandika “muzuri sana”. Kasoki alipofika nyumbani ndipo alipoona kwamba pembeni, mahali ambapo hapakuombwa chochote, kulikuwa na namba ya simu.

Alijiambia atapiga kwa sababu ya kazi tu. Wasomaji mnajua kazi hiyo.

Sasa, nyumbani kwao Mabanga hiyo digrii ilikuwa na taabu yake. Mama yake, Mama Wivine, aliyeitwa hivyo kwa jina la binti mkubwa aliyeolewa kule Butembo, ulikotoka ukoo wao, alikuwa ameshindwa kuamua anasomesha nini. Kanisani alisema mtoto wake atatoka chuo akiwa daktari. Kwa mwenye nyumba alisema atatoka akiwa avoka, wakili. Matokeo yake majirani wenye homa walibisha hodi asubuhi, na majirani wenye kesi za mipaka walibisha hodi jioni, na wote wawili Kasoki aliwaambia pole, bado sijamaliza. Mzee mmoja alimwuliza kama akimaliza atatibu watu walio gerezani. Kasoki alicheka, lakini usiku wa siku hiyo alijiuliza kama kweli kichwa kimoja kinaweza kubeba vitu viwili bila kimoja kumwagika.

Byiringiro hakuwa na mashaka hayo. Yeye alimwita Dokta-Avoka, jina zima kila mara, hata kwenye simu ya nusu dakika. Alikuwa na duka dogo la maziwa hapo Ndosho, viti vinane na glasi ishirini, watu wanakunywa na mandazi kabla ya kwenda kazini na baada ya kutoka. Ng’ombe walikuwa wa mama yake, Nyiramahirwe, huko milimani Masisi, na kila alfajiri pikipiki ilishuka na bidoni. Mara mbili kwa wiki alipita Mabanga kwanza, akamwachia Kasoki kibidoni cha lita mbili mlangoni, akapiga honi moja fupi ili asiamshe mtaa. Mtaa ulikuwa umeamka zamani, unachungulia.

“Dokta-Avoka, umekunywa?”

“Nimekunywa, mupenzi.”

“Na sheria inasema nini?”

“Inasema uache kuniita hivyo mbele ya watu.”

Mama Wivine hakupendezwa sana. Hakusema kitu kibaya, ila alikuwa akiuliza mambo kwa sauti ya upole: kwamba huyo kijana analala na ng’ombe au pembeni yao, kwamba mtu wa maziwa na mtu wa Butembo wataongea nini wakizeeka. Kasoki alijibu kwamba wataongea yale yale wanayoongea sasa, na mama akajimiminia kikombe kingine, kwa sababu maziwa yenyewe yalikuwa matamu mno.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kasoki alikusanya sampuli kumi na tisa, Majengo, Mabanga, Ndosho, kila moja na fishi yake na sahihi zake. Ikabaki ya ishirini, ile ya kulinganishia nyingine zote. Hiyo ilitakiwa iwe maziwa ambayo hayana shaka kabisa, kwa sababu yakiwa na kasoro yenyewe, vipimo vyote kumi na tisa vinaanguka pamoja nayo. Hakufikiria mara mbili. Alimwambia Byiringiro kwamba maziwa yake ndiyo yatakayokuwa kipimo cha maziwa ya Goma nzima.

Byiringiro alimwomba ayarudie maneno hayo. Kisha akasema atamwambia mama yake. Akamwambia kweli, na Nyiramahirwe akawaambia majirani wa kilima kizima kwamba ng’ombe wake wameandikwa kwenye kitabu cha chuo.

Jumanne ya maziwa hayo, honi ililia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Byiringiro alikuwa amevaa shati jipya la bluu, kwa heshima ya sayansi, alisema. Kasoki akapokea kibidoni kwa mikono miwili, akakiweka jikoni ndani ya beseni la maji baridi, kwa maana maabara hufunguliwa kwa wanafunzi wa mwaka wake mchana tu. Mama Wivine alikuwa anasema jambo huku akitikisa kopo la maziwa ya unga lililokuwa tupu, jambo juu ya wamama wa kikundi cha sala wanaokuja saa nne. Kasoki hakumsikia. Alikuwa dirishani anaangalia kofia pana ikipotea kwenye kona, na simu tayari ilikuwa sikioni, kwa sababu mtu wa kofia alishaanza kupiga akiwa bado kwenye mtaa ule ule. Akaenda zake kwenye somo la sheria. Saa saba alirudi, akachukua kibidoni, akapanda moto kwenda maabara.

Kipimo cha maziwa ni kitu cha ukweli. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Kwenye maziwa mazima kinasimama kwenye thelathini na moja hivi, na ukitia maji kinazama. Kasoki alikiacha kishuke taratibu, akainama kusoma. Kilikuwa kwenye ishirini na tatu. Akakausha kioo, akarudia. Ishirini na tatu. Akaangalia joto, akabadilisha bomba, akarudia mara ya tatu. Robo nzima ya maziwa yale ilikuwa maji.

Alikaa kwenye kiti cha maabara, akalia kama mtoto, halafu akakasirika, na hasira ndiyo iliyoshika simu.

Byiringiro alikuwa dukani, ni saa ya watu wengi, glasi mkono mmoja na bidoni mkono mwingine. Kwa hiyo alibonyeza simu kwa kidole cha mwisho na kuiweka juu ya kabati ikiwa na sauti kubwa, maana alijua ni sauti gani inayokuja na hakuwa na cha kuficha kwa mtu.

“Byiringiro, maziwa yako iko na maji. Robo. Nimepima mara tatu. Miezi mitano unaninywesha maji na ninakushukuru.”

Mwalimu mmoja aliyekuwa akinywa aliishusha glasi yake juu ya meza, akaiangalia.

“Kasoki,” Byiringiro akasema, “hapa watu wote wamekusikia.”

Byiringiro akaweka bidoni chini.

“Kwetu mutu anaweza kukuita mwizi, mukaongea, ikaisha. Lakini hiyo uliyosema, mama yangu hajawahi kuambiwa tangu azaliwe.” Akakata simu.

Niseme ukweli kwa wale wasiojua. Kwa watu wa ng’ombe, maziwa si bidhaa tu. Mgeni anapewa maziwa kabla hajaulizwa shida yake, na mtu anayetia maji ndani yake, hata binti zake wanaolewa kwa taabu. Neno hilo lilizunguka Ndosho kwa moto zote za zamu ya mchana. Siku tatu baadaye viti vinane vilikuwa tupu, na Byiringiro alikuwa anawagawia maziwa majirani bure ili yasiharibike, na majirani walikuwa wanayakataa. Siku ya nne Nyiramahirwe akashuka kutoka Masisi, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na fimbo yake, akisubiri mtu aje amwambie neno lile uso kwa uso. Hakuna aliyekuja.

Kasoki naye hakula. Mchana alijiambia namba haidanganyi, asubuhi alikumbuka shati la bluu. Ambacho kingemshangaza, kama angekuwa na nafasi ya kushangaa, ni mama yake. Mama Wivine, aliyekuwa akiuliza kama kijana analala na ng’ombe, sasa alikuwa upande wa kijana. Alimpikia Kasoki ndizi na samaki wadogo wa sambaza, akamwambia vijana wa siku hizi kama yule hawapatikani. Alfajiri alisali kwa sauti, sala ndefu sana ya msamaha bila kutaja kosa. Na mara moja, akiwa anafagia, alisema pasipo kuulizwa: “Maji kidogo imeua nani, kweli?”

Ijumaa ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya majaribio, wiki moja kabla ya kutetea memwari. Msikilizaji alikuwa Profesa Bulonza, mwalimu wa sheria ya ushahidi, mtu mfupi mwenye tai mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba mfukoni, ambaye husikiliza amefunga macho na wanafunzi wapya hudhani amelala. Kasoki alieleza vipimo vyote kumi na tisa. Kisha, kwa sauti iliyokauka, akaeleza kwamba sampuli ya kulinganishia imekutwa na maji, na kwamba mtoaji ameshatambuliwa.

Profesa akanyoosha mkono bila kufungua macho, akaomba fishi ya sampuli ya ishirini.

“Sikuandika fishi, Profesa. Ile nilipewa na mutu ninayemufahamu.”

Macho yakafunguka.

“Alikupa saa ngapi?”

“Kumi na mbili na nusu.”

“Na kwenye maabara?”

“Saa nane.”

“Kutoka kumi na mbili na nusu mpaka saa nane maziwa ilikuwa mikononi mwa nani?”

Kasoki akasema yalikuwa jikoni. Profesa akauliza jikoni ni mtu gani, ana sahihi ya namna gani. Kisha akashusha sauti, na hilo lilimwumiza Kasoki kuliko kelele. Akamwambia wauzaji asiowajua amewalinda kwa karatasi, na huyu mmoja anayemjua amemhukumu kwa simu, pasipo kumsikiliza.

“Weye asubuhi uko mwanasheria, mchana uko mwanasayansi, na hawa watu wawili hawajasalimiana hata siku moja. Digrii hii ni moja, mama. Nenda utafute hayo masaa.”

Kwenye moto ya kurudi Mabanga, upepo wa vumbi usoni, Kasoki alianza kuyatafuta. Jikoni. Beseni. Mama anatikisa kopo tupu. Wamama wa sala saa nne. Na mchana ule, aliporudi kuchukua kibidoni, vikombe saba vilikuwa vimefunikwa juu ya meza kukauka, na chai iliyobaki kwenye birika ilikuwa nyeupe. Nyeupe, na kopo lilikuwa tupu. Akamwambia mwenye moto aongeze mwendo.

Mama Wivine alikuwa kwenye kigoda anachambua sombe. Kasoki hakukaa. Akavua mkoba, akatoa fishi na kalamu, akasimama mbele yake.

“Mama. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne. Chai ya wamama ilitiwa maziwa gani?”

Mama akachambua majani mawili zaidi.

“Miye nitaongea mbele ya avoka wangu,” akasema.

“Avoka wako ni miye.”

“Basi unishauri ninyamaze.”

Lakini hakunyamaza. Aliweka sombe chini, na yote yakatoka mara moja, kama mtu anayetapika alichokula kwa wizi. Yeye ndiye prezida wa kikundi. Wamama sita wameshafika, chai imechemka, kopo tupu, na prezida awape wenzake chai kavu bila maziwa, wakaseme nini Mabanga? Akachota nusu lita tu. Halafu akaona kibidoni kimeshuka, akajua mtoto ataona.

“Nikajaza ile nafasi. Na maji nilichemsha kwanza, nikapoza, Kasoki. Siwezi kukutilia mikrobi ndani ya egzameni yako.”

Kasoki aliketi chini, sakafuni, na koti lake jeupe. Nusu lita katika lita mbili ni robo kamili. Kijiti cha kioo kilikuwa kimesema kweli tupu, kwa uaminifu wote, na mama yake alikuwa ametia maji safi yaliyochemshwa. Alicheka mpaka mama akaingiwa na hofu, halafu kicheko kikageuka kilio, kwa sababu aliona viti vinane vitupu na mama mzee wa watu amekaa mlangoni na fimbo.

Alipiga simu mara nne. Byiringiro hakupokea. Mara ya tano alipokea, akasema tu “ndiyo”, kwa ile sauti ya mtu wa kaunta.

“Weka sauti kubwa. Watu wasikie, kama siku ile.”

“Hapa hakuna tena watu wa kusikia,” akajibu, akakata.

Kosa lilitendwa mbele ya watu, na Kasoki alijua lazima lifutwe mbele ya watu. Hiyo ndiyo sheria, na hata isingekuwa sheria angeona aibu kufanya vingine. Akamwambia mama wataenda Ndosho kesho. Mama alikataa katakata. Prezida wa kikundi, mbele ya watu wa maziwa, aseme alichota? Kasoki hakubishana naye. Aliingia chumbani, akatoa kile kibidoni kitupu na kukiweka juu ya meza ya kulia, akaenda kulala. Mama Wivine alikaa nacho muda mrefu usiku huo, kisha akaanza kuwapigia simu wamama wa kikundi mmoja mmoja.

Jumamosi saa mbili asubuhi, Ndosho iliona kitu ambacho haijawahi kuona. Moto saba zilifika kwa mstari, na juu ya kila moja mama wa kikundi cha sala, wote kwenye kikwembe kimoja cha kijani chenye njiwa, vilemba vimekazwa. Moto ya nane ilikuwa ya Kasoki, amevaa koti jeupe, ameshika bomba la kioo. Wauza maziwa waliposhtuka walianza kukimbia, kisha wakaona wamama, wakarudi kutazama. Yule mama mnene hakujisumbua hata kukalia bidoni yake. Watu wa Ndosho hawajui kupita mahali penye wamama saba wa kijani bila kuuliza, na ndani ya muda mfupi mlango wa duka ulikuwa umejaa.

Byiringiro alikuwa nyuma ya kaunta bila koti, bila kofia. Nyiramahirwe alikuwa kwenye kiti chake, mwembamba, mrefu hata akiwa amekaa, kitambaa kimefungwa begani. Kasoki alipiga goti mbele yake, akamsalimia, akafungua karatasi. Ilikuwa PV, maandishi rasmi ya ushahidi, ameiandika yeye, na aliisoma kwa sauti ya tribunali hadi katikati, ambapo sauti ilimsaliti na ikabidi aimalize kama mtu wa kawaida. Alisema saa alizopewa maziwa, mahali alipoyaweka, na kwamba mtu wa tatu aliyafikia. Alisema Byiringiro alimpa maziwa mazima, na yeye akamtukana mbele ya wateja wake bila kumwuliza swali hata moja.

“Mutu wa tatu ni miye,” Mama Wivine akasema, na kilemba chake kikatetemeka. “Nilichota kwa ajili ya chai.”

“Na sisi ndiyo tulikunywa,” wakasema wale sita.

Mmoja wao akaongeza kwamba hajanywa chai kama ile tangu harusi yake. Wenzake wakamkanyaga mguu.

Nyiramahirwe akageuka kwenye kiti chake. Alimtazama Mama Wivine muda mrefu, kuanzia kilemba hadi viatu, na duka zima likasubiri.

“Chai ilikuwa tamu?” akauliza.

“Tamu sana, mama.”

“Basi sababu gani haukuomba? Kwetu mutu akiomba maziwa, nani anamunyima?”

Hapo Mama Wivine alishindwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Alijifuta kwa pembe ya kikwembe cha kikundi, na Nyiramahirwe akasogeza fimbo pembeni, akamwonyesha kiti kilichokuwa karibu naye.

Byiringiro bado alikuwa nyuma ya kaunta. Kasoki akaenda mbele yake.

“Ulisadiki kijiti kuliko miye,” Byiringiro akasema taratibu, ili wao wawili tu wasikie, lakini duka lilikuwa dogo.

“Kijiti kilisema kweli. Miye ndiye sikuuliza. Ningeanza na weye, ungeniambia nini?”

“Ningekuambia uangalie jikoni. Mama yako tangu mwanzo ananiangalia kibidoni kuliko anavyoniangalia sura.”

Kasoki akacheka huku anatokwa na machozi, na Byiringiro akajaribu kubaki na hasira, akashindwa. Alimimina maziwa ya asubuhi hiyo kwenye bomba, mbele ya kila mtu, akamwambia apime. Kijiti kikashuka, kikayumba, kikasimama thelathini na moja. Yule mwalimu wa siku ile, aliyekuwa amejipenyeza mlangoni, akaomba glasi. Viti vinane vilijaa, na wamama wa kijani wakachukua sita kati yake.

Ijumaa iliyofuata Kasoki alitetea memwari yake. Hakuficha kitu. Sampuli ya ishirini ilichukuliwa upya, na fishi yenye sahihi tatu, na kosa la kwanza akaliandika lote, kurasa sita, akaliita kosa la mtafiti. Mtahini wa upande wa sayansi aliuliza kama huyo mtu wa tatu anaweza kuhojiwa. Ndani ya ukumbi, safu ya pili, mkono ukanyooka.

“Ni miye,” Mama Wivine akasema. “Na yalikuwa maji ya kuchemsha.”

Profesa Bulonza alifunga macho, na mabega yake yakaonekana yanatikisika. Kasoki alipewa alama ya juu kabisa ya mwaka wake.

Nje, kwenye ngazi, kikwembe kipya cha Kasoki, cha zambarau, kimejaa vumbi la watu wanaomkumbatia, Byiringiro alimpa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa kwenye shati la bluu na kofia. Kasoki aliikunjua. Ilikuwa fishi ya mikono, imejazwa kwa mwandiko wa pole. Kitu: mwanaume mmoja. Aliyetoa: alama ya kidole cha Nyiramahirwe, kwa wino wa zambarau. Hali ya kitu: muzuri sana, haina maji. Aliyepokea palikuwa patupu. Pembeni, mahali ambapo hapakuombwa chochote, ilikuwepo namba ya simu ile ile.

“Hii fishi iko na kosa,” Kasoki akasema, na sauti haikuwa ya tribunali hata kidogo. “Haukuandika muda wa kuhifadhi.”

“Hiyo ni kazi ya anayepokea. Kwa maziwa huwa unaandika masaa nane.”

“Weye haukai masaa nane tu.”

Kasoki akachukua kalamu kutoka mfuko wa shati la bluu, akaegemeza karatasi kwenye kifua cha Byiringiro, akaandika “maisha”, na chini yake akatia sahihi. Byiringiro aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia yake. Kisha akasema wajomba wake watafika Mabanga mwisho wa mwezi, na kama watu wa Butembo wanataka mahari ya mbuzi wakati wao wanajua ng’ombe tu, hayo wataongea wazee.

Mama Wivine aliuliza mara moja kama shahidi hahitajiki. Akaambiwa fishi imeshafungwa. Alianza kununa, lakini Nyiramahirwe, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote huo, alimgusa bega na kumkabidhi kibidoni kipya cha lita mbili, chake mwenyewe. Kwenye kifuniko kulikuwa na etiketi, na juu yake Byiringiro alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: YA CHAI.